Kopo la Nyanya na Sahani ya Sombe

Ofisi yetu ya kupambana na panya, ya Kamembe, iliponiaga ilinipa redio, kofia, na kazi moja ya mwisho: niandike ukurasa mmoja wa "mafanikio" ili vijana wanaoshika nafasi yangu wausome. Ukurasa mmoja! Nimefukuzana na panya katika nyumba za pembezoni mwa msitu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, halafu nibane yote kwenye ukurasa mmoja, tena mafanikio tu. Nimekataa. Nitaandika ninavyotaka, na sehemu kubwa itakuwa habari ya kosa langu, na ya Maman Neema, mwanamke aliyekaribia kufukuzwa kwenye nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya kosa hilo. Asiyetaka kusoma na aishie hapa.

Mimi nilikulia Bukavu, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikarudi upande huu wa mpaka nikiwa kijana mwenye Kinyarwanda cha kuchekesha watu. Sikuja kutafuta panya. Nilikuja kutafuta kazi yoyote, na iliyopatikana ndiyo hii. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Bonifasi wa Gashonga, mtu mfupi, mkavu, mwenye begi la turubai ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Tulipanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, mpaka mahali mashamba ya chai yanapoishia na msitu unapoanza. Mwenye nyumba alikuwa anatungoja mlangoni, amekunja mikono, hasira imempanda.

"Panya yote inatokaka mu pori," akasema. "Bafyeke ile pori, njo tutalala."

Mzee Bonifasi akachungulia chini ya kitanda. Aliomba unga wa muhogo, konzi mbili tu. Akanyunyiza moja kwenye kizingiti cha mlango unaotazama msitu, nyingine kando ya kitanda palipokuwa na gunia la maharagwe. Tukaondoka. Mimi nikajisemea moyoni, basi hii ndiyo kazi, kumwaga unga wa watu? Asubuhi tuliporudi, unga wa mlangoni ulikuwa mweupe kama tulivyouacha. Wa kitandani ulikuwa umejaa vidole vidogo na mistari ya mikia, kwenda na kurudi, utadhani soko la Kamembe.

"Unaona, Papa?" Mzee Bonifasi akamwambia. "Hii panya yako haijuwe hata pori iko wapi. Ilizaliwa chini ya kitanda yako. Unailisha weye mwenyewe."

Yule baba alicheka mpaka akashika ukuta. Mkewe akaleta urwagwa, ile pombe ya ndizi, akaonja kwanza mbele yetu, akapangusa ukingo wa kikombe, kisha akampa mzee. Ndivyo ilivyo kwetu: anayetoa ndiye anayeonja, ili anayepokea ajue hakuna kitu kibaya ndani. Nililiona jambo hilo siku ile kama adabu tu, kama kuvua kofia ukiingia kanisani. Sikuliwaza tena kwa miaka mingi.

Begi lile la turubai lilikuwa na tochi, kioo kidogo cha kunyolea, mitego ya kufyatua, waya, sepeto ya saruji na mafungu ya chuma cha kusugulia sufuria. Ukiziba tundu kwa matambara, panya anashukuru na kujengea kiota. Ukiziba kwa chuma cha kusugulia na saruji juu yake, anajikata mdomo na kwenda zake. Kioo ni cha kuchungulia nyuma ya kenchi bila kuingiza kichwa. Mtego unawekwa kando ya ukuta, chambo kikielekea ukutani, kwa sababu panya hatembei katikati ya nyumba kama mkwe mgeni. Mkiona weusi wa mafuta kwenye boriti, hapo ndipo barabara yake. Haya yote yanafundishwa kwa siku mbili. Yaliyobaki ni kumshawishi mwenye nyumba atoe maharagwe chini ya kitanda, na hilo halifundishiki.

Kitu kingine kinachonitia hasira mpaka leo ni bundi. Watu wa pembezoni mwa msitu wamepewa bundi bure, bila kuomba, kila jioni anakuja kuwinda panya zao, nao wanamrushia mawe eti analeta kifo! Nyoka wanamchoma. Kimburu, paka wa mwituni, wanamwekea mbwa. Halafu wanatuita sisi na mabegi yetu. Nimeokota bundi aliyekufa kwa kula panya wenye sumu, sumu ambayo mwenye nyumba aliinunua sokoni ndani ya kipande cha karatasi, bila jina, bila chochote. Nilimwonyesha. Akanijibu, "Si ni bundi tu?" Nilitamani kumpiga na bundi huyohuyo.

Kuhusu sumu, Mzee Bonifasi alikuwa na sheria moja. Aliitumia mara chache, mitego iliposhindwa kabisa, na aliichanganya mwenyewe kwenye nta, akaitia buluu ya kufulia mpaka ikawa vibonge vya rangi isiyo ya chakula chochote duniani. Anavitia ndani ya kopo lenye tundu, kopo analipigilia msumari kwenye boriti, juu yake anaandika SUMU kwa rangi nyekundu.

"Sikiya, Anselmi," aliniambia. "Dawa isifanane na kitu muntu anakulaka. Hata kidogo. Na usimuachiye muntu dawa mu mukono. Weka weye mwenyewe, kisha ukuye kuitosha weye mwenyewe."

Kuweka mwenyewe, kuja kuitoa mwenyewe: nilisema sawa, mzee. Nani asingesema sawa? Alipostaafu akarudi Gashonga kwenye migomba yake, akaniachia begi.

Sasa nifike kwenye kosa. Miaka ilipita, nikawa mimi ndiye mzee wa kazi, na panya wa kule juu wakaanza kukataa vibonge vya buluu. Wanavinusa, wanavipita. Nikajiona mwerevu. Nikachukua sambaza, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa letu, nikawaloweka kwenye dawa, nikawaanika tena. Sikutia buluu, maana niliogopa panya wataitambua. Mungu wangu, ilivyofanya kazi! Nyumba zilinyamaza ndani ya siku tatu. Ofisini wakaniita Papa Sambaza, na mimi nikafurahi na jina hilo kama mtoto aliyepewa viatu. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Na kama yupo ambaye angeniuliza, alikuwa Gashonga anapalilia migomba.

Siku moja niliitwa kwa Karoli, mkulima wa chai, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Mke wake alikuwa Bukavu kwa biashara, amebaki yeye na mama yake mzazi, bibi ambaye wote walimwita Koko Veronika. Nilifika nimechelewa, nina nyumba nyingine mbili Nyakarenzo, na ngazi ya kwa Karoli imevunjika. Badala ya kungoja ngazi nikampa Karoli sambaza wangu ndani ya kopo la nyanya. Etiketi za ofisi zilikuwa zimeisha, kopo halikuandikwa kitu. Nikamwambia, "Weka hii juu ya dari leo, ni sumu." Akasema sawa, Papa. Nikapanda moto. Sheria zote za Mzee Bonifasi nilizivunja ndani ya dakika tano, nikiwa nimevaa kofia ya pikipiki.

Siku ya tatu nilirudi kuangalia kazi. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Karoli yuko hospitali, hajitambui. Koko Veronika amelala ndani, ametapika mpaka amebaki kama nguo iliyokamuliwa. Nikauliza, kuna nini? Mwanamke mmoja akanivuta pembeni, akanyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani.

"Ule mama wa Bukavu njo alibaloga. Alibaletea sombe jana mangaribi. Na hakuonja, Papa! Batu boote banajuwa, hakuonja!"

Yule mama wa Bukavu ndiye Maman Neema. Mjane, amekaa pale miaka kumi na moja, anauza chumvi, sabuni na mafuta kwenye dirisha la nyumba yake. Nilimfahamu. Sombe yake, majani ya muhogo yenye mawese, ilisifiwa kijiji kizima, na sahani ya Karoli na mama yake ilikuwa inavuka ua karibu kila Jumapili. Zamani alikuwa anaonja kabla ya kutoa, kama kila mtu. Koko Veronika mwenyewe ndiye aliyemkataza, akamuuliza sababu: unaonja juu ya nini, weye si mutoto wa hapa? Lilikuwa tendo la heshima, kuambiwa kwamba sasa unaaminika na huna haja ya kuonja. Na heshima hiyohiyo ndiyo waliyomgeuzia ikawa ushahidi! Dirisha lake lilikuwa limepigwa mawe. Hakuna aliyenunua hata kijiti cha kiberiti. Kesho yake, Jumanne, kulikuwa na mkutano wa mudugudu, yaani wa kijiji, na nilisikia kwa masikio yangu kwamba ataombwa ahame, "kwa usalama wake."

Kwa usalama wake! Unavunja dirisha la mtu, halafu unamwambia ahame kwa usalama wake.

Niliingia ndani nimwone Koko Veronika. Kando ya jiko, juu ya kigoda, palikuwa na kopo la nyanya, limeoshwa, linang'aa, limejaa chumvi. Lilikuwa na mkwaruzo ubavuni nilioupiga mwenyewe kwa bisibisi. Nikakaa chini kwenye udongo.

"Koko," nikasema, nikinyooshea kopo kidole. "Mule mu bwate mulikuwa sambaza. Ziko wapi?"

Yule mama alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema taratibu, uso ameuelekeza ukutani, "Nilizikuta juu ya etajeri. Zilikuwa sambaza zuri, mwanangu. Sombe ilikuwa kidogo, Karoli alitoka mu chai na njaa. Niliziosha mara mbili, nikazitia mule."

"Juu ya nini hukusema?"

"Nilisema je? Kwamba miye njo nilipikia mutoto wangu sumu?"

Karoli alikuwa ameliacha kopo kwenye rafu akingoja ngazi itengenezwe. Mama yake hakuambiwa kitu. Ameishi maisha yote bila kutupa chakula, na mbele yake kuna sambaza kavu, safi, ndani ya kopo la jikoni. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Nilimwaga chumvi ile chooni na kopo nikaliponda kwa jiwe. Kisha nikapiga simu hospitali. Walikuwa wanatafuta ugonjwa gizani, maana kila aliyemsindikiza Karoli alikuwa amewaambia jambo moja tu: amelogwa. Nikampa daktari jina la dawa, herufi kwa herufi, jinsi lilivyoandikwa kwenye chupa iliyokuwa begini mwangu. Akasema, "Kwa nini mnaniambia leo?" Akakata simu, na nilishukuru kwamba amekata haraka, maana huyo angalau alikwenda kufanya kazi.

Simu ya pili niliipiga kwa shefu wangu, mkuu wa ofisi. Nikamweleza yote.

"Papa Anselmi," akasema, "Karoli atapona?"

"Daktari anasema ana matumaini."

"Eh bien. Ikiwa atapona, wacha maneno. Ile ya baloji, ya kulogana, ni mambo yabo, batajuana. Weye ukisimama pale, hakuna nyumba itatufungulia tena mulango. Unataka kuharibu jina ya ofisi?"

"Na ule mama, shefu?"

"Yeye si wa Bukavu? Atarudi kwabo."

Nimekula chumvi na yule mtu ofisini, nimekwenda kwenye harusi ya binti yake, na sikuwahi kumjibu vibaya. Siku ile nilimwambia kwamba hata mimi nilikulia Bukavu, je, na mimi nirudi kwetu? Akasema usikasirike, Papa. Nikamwambia nimeshakasirika. Lakini niwe mkweli, vijana. Baada ya kukata simu nilikaa kando ya barabara na begi langu, nikaona moto mbili zinazoshuka Kamembe zinapita, na mara zote mbili mkono wangu ulitaka kunyanyuka kuzisimamisha.

Jumanne nilikwenda. Mkutano ulifanyika kwenye majani mbele ya ghala la chai. Maman Neema alikaa peke yake, kitenge amekifunga vizuri, mikono magotini, na kati yake na watu wengine palikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe. Kiongozi wa mudugudu alianza kusema maneno mazuri kuhusu amani na ujirani mwema. Nikanyanyua mkono kabla hajafika anakokwenda.

Nilisema: sumu ilikuwa yangu. Niliiweka mimi kwenye sambaza, nikaiacha kwenye kopo bila jina, nikaondoka kwa sababu nilikuwa na haraka. Huyu mama alileta sombe safi. Sikumtaja Koko Veronika. Nilisema tu kwamba sambaza zilichanganyika na chakula mule ndani ya nyumba, na kwamba mwenye kosa ni mimi.

Mnafikiri walinishukuru? Mwanaume mmoja alisimama nyuma, anatikisa kichwa kwa huruma. "Munaona?" akasema. "Na huyu mzee bamesha kumuloga."

Watu wakaguna kukubali. Nikatoa chupa ya dawa, nikaonyesha picha ya panya iliyo juu yake, nikapiga kelele ambazo mtu wa umri wangu hapaswi kupiga. Haikusaidia kitu. Walikuwa na uhakika wao na walikuwa wanaupenda.

Ndipo Koko Veronika alipotokea. Hakuna aliyejua kwamba ameweza kuinuka. Alikuja akishika ua kwa mkono mmoja, fimbo kwa mwingine, polepole mpaka ukatamani kumbeba, akaenda kusimama palepale kwenye ile nafasi tupu karibu na Maman Neema.

"Ni miye," akasema. "Sambaza nilizitosha mu bwate na hii mikono yangu. Huyu Maman Neema hakufanya kintu. Na kuonja, miye njo nilimukataza kuonja. Munasikia? Miye."

Kisha akakaa chini kwenye majani, miguu imekwisha nguvu, na Maman Neema akamsogezea bega aegemee. Kiongozi alikohoa. Akaangalia karatasi yake, akasema tunashukuru kwa maelezo, sasa tuingie kwenye jambo la pili, mitaro ya maji.

Mitaro ya maji! Hakuna aliyesema pole. Nilingoja. Nilikaa mpaka mwisho wa mkutano, nikasikiliza habari ya mitaro, ya mbuzi wanaozurura, nikangoja mtu mmoja tu asimame amwambie yule mama pole kwa dirisha. Walikunja viti vyao wakaenda. Yule aliyesema nimelogwa alinipa mkono, anatabasamu, akaniuliza kama ninaweza kupita kwake wiki ijayo kwa sababu ana panya.

Karoli alirudi nyumbani, mwembamba, mkono wa kushoto unatetemeka kidogo hata leo. Alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Ofisini niliwekwa depo, kwenye ghala letu, kwa muda kuhesabu ndoo, na huko nilipata nafasi ya kuchemsha nta na kutia buluu. Tangu hapo sijaacha dawa mkononi mwa mtu, na vijana niliowafundisha nimewagombeza kwa jambo hilo mpaka wananikwepa. Gombezeni na nyinyi. Nilikwenda pia Gashonga kumwambia Mzee Bonifasi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya ndizi. Hakunitukana. Aliniomba nimrudishie begi lake, nikamrudishia.

Jina la Papa Sambaza nililikataa. Wengine waliendelea kuniita hivyo, wakidhani ni utani.

Mwezi uliopita, kabla ya kuondoka kazini, nilipanda mara ya mwisho kule juu. Sikuwa na begi. Maman Neema bado anauza chumvi na sabuni kwenye dirisha lilelile, kioo kimewekwa kipya. Ukuta wake hauna tundu, niliuziba mwenyewe miaka ile, kila mahali, hata pasipohitajika. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaulizia watu wa nyumbani. Tukaongea habari za mvua. Kisha akaingia ndani, akatoka na urwagwa kwenye kikombe cha bati.

Akakinyanyua kwenda mdomoni mwake.

"Hapana, Maman," nikamwambia. "Usionje. Kwangu miye usionje, nakuomba."

Alinitazama, wala hakukasirika.

"Papa Anselmi, nitaonja," akasema. "Koko Veronika alinikatazaka tena, kabla hajafa. Karoli ananikataza kila siku. Mukisha kwenda, nyote, nitabaki na bale bengine. Kila muntu anapita hapa, ninaonja. Hata mutoto akiomba maji, ninaonja."

Alikunywa funda moja, akangoja kidogo ili nimwone vizuri kwamba amemeza, akapangusa ukingo kwa kiganja, akanipa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa.